Mke wa Gari la Sabuni

Wasichana wa kikosi cha mauzo waliniomba niwaandikie kitu kabla sijasahau. "Andika ya kututia moyo, Mathe," akasema mmoja wao siku ya kuniaga, keki ikiwa bado mdomoni; Mathe ndiyo mama kwa lugha ya vijana. Ya kutia moyo sina mengi. Nina ya sabuni, ya mabeseni na ya madoa, na ya namna ya kusimama juu ya gari kwenye jua la sokoni bila kuanguka. Hayo nitawapa bila choyo. Mkitaka ya kutia moyo, kanisani yapo.

Nilianza kazi Kitale nikiwa sijamaliza hata mwaka tangu nitoke shule. Meneja wa ghala la sabuni alinitazama mikono, akanitazama meno, kama mtu anayenunua mtamba. Kisha akaniuliza kama nimeolewa. Nikasema la. Akauliza kama nina mtoto. Nikasema la.

"Vizuri," akasema. "Basi wewe utakuwa mke."

Akafungua mkebe wa kakao uliokuwa juu ya kabati, akatoa pete. Ilikuwa pete ya shaba, ya kampuni, na kila aliyenitangulia alikuwa ameivaa. Ilikuwa ikitia kidole rangi ya kijani, nasi tulikuwa tukikisugua kwa ndimu jioni. Ukirudi ghalani unaivua, inarudi mkebeni. Kazi yenyewe ilikuwa hii: gari linasimama sokoni, ubavu wake mmoja unafunguliwa, na ndani yake kuna nyumba. Kuna dirisha la kuchorwa lenye pazia la maua, kuna beseni, kuna kiti. Kwenye kiti anakaa dereva wetu, Simiyu, amevaa tai, ameshika gazeti. Huyo ndiye mume. Gazeti lilikuwa lile lile mwaka nenda mwaka rudi. Mimi nafua shati lake, naye mwishoni analivaa, anajitazama kwenye kioo, ananipigapiga begani. Makokha, mtangazaji, anapaza sauti kwenye kipaza: "Shati la baba, sifa ya mama!" Watu wanapiga makofi, sabuni inanunuliwa.

Aliyenifundisha alikuwa Rispa, mke wa gari kabla yangu. Mwezi wa kwanza tulikuwa wawili, mimi nikimtazama. Mengi aliyonifunza bado yanafaa hata kwenu mnaosimama kwenye supamaketi na vimeza vyenu, kwa hiyo sikilizeni. Maji yawe vuguvugu, si ya moto, maana ya moto hupika doa likakwama. Kola huloweshwa kwanza. Shati ukiliinua, jua liwe nyuma yako, litang'aa hata kama halijatakata. Na doa huchagui sokoni, unalitia mwenyewe asubuhi: chai, mafuta ya maandazi, udongo mwekundu wa Kitale. Damu usiguse. Kutu usiguse. Na utomvu wa mgomba, hasa upande ule wa Bungoma ambako kila mtu ana mgomba nyuma ya nyumba, ukiuona ukimbie. Hakuna sabuni iliyowahi kuutoa utomvu wa mgomba, na haitakuwapo.

Alinifunza pia kutabasamu kabla ya kushika nguo, si baadaye. "Hawanunui sabuni," aliniambia. "Wananunua uso wako."

Nilimuuliza kwa nini tupige magoti. Kwetu, na kwa kila mtu niliyemjua, mwanamke hufua akiwa ameinama, miguu imenyooka.

"Mchoro kutoka Nairobi umepiga magoti," akasema Rispa. "Sasa wewe nani usimame? Kunja gunia, weka chini ya goti."

Mchoro huo niliuona baadaye. Mwanamke amevaa viatu vya kisigino kirefu, yuko jikoni kwenye vigae, anacheka na beseni. Mume yuko mlangoni amesimama, mkono mfukoni. Miaka yote niliyofanya kazi hii, michoro ilibadilika rangi tu. Mwanamke alikuwa wa aina tatu: anayefua akicheka, anayepika akicheka, na yule aliyenunua sabuni nyingine, ambaye ananuna hadi jirani aje amwokoe. Mwanamke mwenye duka sikumwona. Aliyechoka sikumwona. Wala sikumwona hata mmoja aliyefua nguo zake mwenyewe.

Mimi nilikuwa na sababu ya kuucheka mchoro huo, ila kicheko chenyewe kilikuwa kichungu. Baba yangu alikuwa dobi. Alifulia mzungu mmoja nje ya Kitale, na mzungu alipoondoka akafulia hoteli mjini hadi mgongo ulipomkataa. Alikuwa fundi wa kanzu za harusi, wa mashati ya wanga, wa pasi ya makaa. Madobi wote niliowajua walikuwa wanaume, na hakuna aliyewaambia kwamba kufua ni tabia ya kike. Lakini baba akifika nyumbani alivua shati lake mlangoni, na mama akaliokota. Sijawahi kumwona baba akifua hata leso katika boma lake. Kumbe kazi ikiwa na mshahara ni ya mwanamume, na ikikosa mshahara inaitwa upendo wa mama. Hayo niliyaelewa mapema, nikiwa nimepiga magoti juu ya gunia.

Rispa hakukaa sana. Alikuwa ameolewa kanisani na mwalimu wa Mabanga, na akashika mimba, jambo ambalo mtu angedhani linafaa kwa mtu anayeigiza mama kila siku. Meneja alimwita ofisini mlango ukiwa wazi, nasi tukasikia.

"Mteja anataka kuona mama," akamwambia. "Hataki kuona mimba."

Rispa alitoka na mkoba wake, hakulia. Alinivulia aproni yake akanifunga yeye mwenyewe, juu kabisa, chini tu ya matiti. "Izoee hivi," akasema. "Usiifunge kiunoni. Siku moja utanishukuru."

Siku hiyo ilifika. Baba wa mtoto wangu alikuwa mtu wa Bungoma mwenye maneno matamu na mke huko Cheptais, na jina lake hamlihitaji. Nilipojua nina mimba, nilijua pia kwamba nikionekana nitakwenda njia ya Rispa, na tofauti na Rispa mimi sikuwa na mwalimu wa kumrudia. Baba yangu alikuwa ameshalala kitandani na mgongo wake. Nyumba yetu ilikula mkononi mwangu. Kwa hiyo nikaifunga aproni juu, nikaendelea kupanda gari.

Ndipo tukafika Myanga, siku ya soko. Hili nawaeleza kwa kirefu kwa sababu mnaniuliza kila mara kesi ngumu kuliko zote ilikuwa ipi. Nilikuwa nimemaliza shati la Simiyu na watu wanapiga makofi, mara mwanamume mmoja akapanda gari bila kuitwa. Mkononi ana shati jeupe lenye doa kubwa la kahawia kifuani. Nyuma yake, chini, mkewe amesimama na kikapu cha mboga.

"Bibi yangu anasema hii haitoki," akawaambia watu. "Ati ameosha mpaka amechoka. Mimi nasema ni uvivu. Sasa huyu bibi wa gari atuonyeshe."

Umati ukashangilia. Nililitazama doa. Utomvu wa mgomba, wa zamani, umeshakauka na kupigwa pasi. Nikamtazama Makokha. Naye alikuwa ameliona. Lakini Makokha alikuwa mtu asiyekwama.

"Angalieni mkono wa mke mwerevu!" akapaza sauti. "Mama, tia maji!"

Sasa niwaambie siri ya kazi, kwa kuwa waliokuwa wakiilinda wameshastaafu au wamekufa. Chini ya povu, ndani ya beseni, kila mara kulikuwa na shati la pili, jipya, la saizi ya kati. Lilikuwa la siku kama hizo. Unasugua lile chafu, unalizamisha, unacheka, unaliinua jipya. Nilifanya hivyo. Shati likatoka jeupe likidondosha maji, na soko zima likaguna kwa mshangao. Mwanamume akalinyakua akalipeperusha juu.

Mkewe akasogea hadi ubavuni mwa gari, akalishika shati kwa chini, akalikagua. Halafu akasema, si kwa sauti kubwa:

"Hii si shati ya bwana yangu. Kifungo ya tatu mimi ndio nilishona, na uzi nyeusi. Hii uzi ni nyeupe yote."

Waliokuwa karibu walisikia. Makokha pia alisikia.

"Mama, sabuni hii ni kali bana!" akasema kwenye kipaza. "Inang'arisha mpaka uzi!"

Soko likaangua kicheko. Mumewe alicheka kuliko wote. Akamwambia mbele ya watu wote kwamba kuanzia leo ameujua uvivu wake, na kwamba visingizio vimeisha. Mimi nilikuwa juu, nimeshika beseni, natabasamu, maana ndivyo nilivyofunzwa. Sabuni iliisha siku hiyo. Hatukurudi na hata mche mmoja.

Watu walipotawanyika, yule mwanamke alikuja nyuma ya gari nikimwaga maji. Jina lake lilikuwa Nekesa, aliniambia bila kuulizwa. Hakunitukana.

"Nipe shati yangu," akasema.

Nikalitoa kwenye gunia, likiwa na doa lake na kifungo chake cha uzi mweusi. Akalikunja akalitia chini ya mboga. Nikamwambia pole. Alikuwa ananitazama tumbo. Aproni inadanganya wanaume; wanawake haiwadanganyi.

"Wewe uko na mimba," akasema. "Na hiyo pete si yako. Inakuachia kijani."

Meneja alikuwa Myanga siku hiyo, amesimama chini ya mwavuli akihesabu makasha na mwenye duka, hatua chache tu kutoka hapo. Nekesa alimtazama, akanitazama. Neno moja tu lake lingetosha, na baada ya nilivyomfanyia mbele ya mumewe angekuwa na haki.

"Mimi nimeaibika leo," akasema. "Na wewe siku yako itakuja tu." Akajitwika kikapu akaenda zake. Simlaumu kwa kunitabiria mabaya. Aliniambia kweli, na hakunichongea.

Nilimwambia meneja kwamba mama yangu ni mgonjwa nikapewa ruhusa bila malipo. Nilijifungua Kitale, msichana. Kwa desturi yetu, mtoto wa kwanza wa kike hupewa jina la mama ya baba yake, lakini mtoto ambaye mama yake hakutolewa mahari huitwa kwa jina la mama ya mama. Basi akaitwa Wambui, jina la mama yangu. Mama alimpokea mikononi akasema, "Huyu ni mimi." Alisema kwa furaha, nami nilifurahi. Sikujua ni kiasi gani lingekuwa kweli.

Nilirudi garini maziwa hayajakauka. Wiki hiyo hiyo mpiga picha alikuja kutoka Nairobi kutengeneza bango jipya, na mke wa gari ndiye wa kupigwa picha. Walitaka mama na mtoto. Meneja akaleta mtoto wa shemeji yake, mvulana mnene aliyevalishwa soksi nyeupe, akaketishwa mapajani mwangu. Mtoto akalia. Nyinyi mliozaa mnajua mtoto akilia karibu na mwanamke anayenyonyesha kunatokea nini. Aproni ikalowa pande zote mbili. Nikaona nimekwisha. Mpiga picha akasema tu, "Mwagieni maji ya beseni huko mbele, ionekane anafua." Wakanimwagia, nikatabasamu, picha ikapigwa. Mtoto wangu alikuwa kwa mama yangu akinywa maziwa ya ng'ombe.

Bango hilo lilitundikwa kila duka kutoka Kitale hadi Bungoma. Chini yake liliandikwa kwamba mama mwema hujulikana kwa usafi wa mwanawe. Lilidumu miaka mingi kuliko nilivyotaka. Wambui alipoanza darasa la kwanza aliliona kwenye duka la karibu na shule yao, akarudi nyumbani akamuuliza mama yangu, "Kwani Njeri ana mtoto?"

Njeri ni mimi. Aliniita hivyo kwa sababu ndivyo nyumba nzima ilivyoniita. Nilikuwa nikifika mwisho wa mwezi na sukari na viatu, nalala usiku mmoja, naondoka. Mama yangu ndiye aliyemfunga nepi, aliyemkanda kifua kwa mafuta, aliyemchapa. Kwa hiyo huyo ndiye aliyeitwa Mama. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, husema watu. Mimi niliujua uchungu; malezi yalijuliwa na mwingine.

Kuna mtu atauliza kwa nini sikumchukua. Nilijaribu. Sheria zile za zamani za kampuni, za kumkataa mke wa gari mwenye mimba au mtoto, zilipolegea, nilipanga chumba Bungoma, nikanunua kitanda kidogo, nikaenda kumchukua likizo. Alijificha nyuma ya sketi ya mama yangu. "Sitaki kwenda na Njeri," akasema. Mama akaniambia nimpe muda. Kitanda nilikiuza baadaye kwa jirani.

Kazi iliendelea. Gari likauzwa, zikaja redio, zikaja televisheni, sabuni ya mche ikawa ya unga. Wanawake wa matangazo wakahama kutoka kwenye magoti wakasimama kando ya mashine za kufulia ambazo Cheptais nzima haikuwa nazo hata moja. Bado walikuwa wakicheka, na bado mume alikuwa mlangoni, mkono mfukoni. Mimi nikawa nafundisha wasichana, nyinyi mkiwa wa mwisho. Siku moja katika mkutano nilipendekeza kwamba safari hii shati lifuliwe na mwanamume. Nikawaeleza habari za baba yangu, kwamba dobi angelifua vizuri kuliko sisi wote. Kijana wa ofisi kubwa, mstaarabu sana, akaniambia, "Ni wazo poa, Mathe, lakini wateja wetu ni wamama. Hawawezi kujiona hapo." Nikataka kumuuliza lini aliwahi kumwona mmoja wao pale. Sikuuliza, kwa sababu chai ilikuwa imeletwa na kila mtu alikuwa ameshasimama.

Wambui aliambiwa ukweli na mama yangu akiwa sekondari. Mimi nilikuwapo, nimekaa kwenye kochi kama mgeni, nimejiandaa kulia pamoja naye. Hakulia.

"Mimi nilijua," akasema. "Shule walikuwa wananiambia. Sasa mnataka nifanye nini?"

Akaenda kukamua ng'ombe, ulikuwa wakati wake. Tangu hapo hatukugombana hata siku moja, na hilo ndilo liliniuma, kwa sababu mtoto hugombana na mama yake. Alikuwa akinipigia simu vizuri, ananiuliza hali, ananiambia bei ya mahindi. Aliolewa, akazaa. Watoto wake wananiita Anti.

Nilistaafu mwaka huu nikiwa na mpango mmoja tu. Nyinyi mlinifanyia sherehe, mkanipa keki na maneno mazuri, na mmoja wenu akasema nimekuwa mama kwa wengi. Niliwashukuru. Lakini moyoni nilikuwa nimeshafika Kitale. Nilitaka nikae karibu na Wambui siku za kawaida, si za mwisho wa mwezi. Nipike, anikosoe chumvi, tuchokane. Nilidhani nikikaa muda wa kutosha lile neno litatoka lenyewe siku moja, akiwa ameniita bila kufikiri, kama mtu anayeagiza kisu jikoni. Sikutaka kingine chochote katika maisha.

Nilikuwa sijamaliza kufungua masanduku mama yangu alipofariki. Alikuwa amezeeka, hakuteseka, Mungu amrehemu. Tulimzika shambani. Watu walijaa, mahema yakatosha kwa shida.

Mzee wa kanisa aliyekuwa akiongoza ibada akasema watoto wa marehemu waje mbele wajitambulishe, kisha watafuata wajukuu. Nikaenda. Kaka yangu akaja. Nilikuwa natazama upande wa wajukuu, ambako vijana walikuwa wameshaanza kujipanga, nikimtafuta Wambui katikati yao. Hakuwa huko. Alikuwa ameinuka kutoka kiti cha mbele, akaja taratibu, akasimama kati yangu na kaka yangu. Akanishika mkono.

Majirani wa zamani walijua. Niliwaona wakiinamisha nyuso. Mzee wa kanisa, ambaye ni mgeni eneo hilo, akampa yeye maikrofoni kwanza.

"Mimi ni Wambui," akasema. "Mimi ndio kitindamimba wa mama. Amenilea mpaka leo. Sina mama mwingine."

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa amefiwa na mama yake, na anayefiwa na mama husema ukweli wake. Akanipa maikrofoni bila kunitazama, mkono wangu akiwa bado ameushika, ameung'ang'ania kwa nguvu zake zote. Watu mia kadhaa walikuwa wananisubiri. Ningeweza kusema neno moja na kila mtu angejua, na yeye angebaki pale mbele ya jeneza akiwa mwongo.

"Mimi ni Njeri," nikasema. "Mimi ni dada yake."